Valvu ya usalama ya kompresa inapiga kabla mota haijazima: je, niizibe kwa boliti kama nilivyoshauriwa?

#1 FundiNjiapanda (Tororo)

Nawasalimu nyote. Nina kibanda cha kuziba pancha kando ya barabara ya kwenda Malaba, na kazi yangu yote hutegemea kompresa moja ya magurudumu mawili yenye tangi la lita 50, ambayo niliinunua mkononi kwa mtu miaka mitatu iliyopita. Kwa wiki mbili sasa, mshale wa geji ukikaribia bar 7, ile valvu ndogo ya shaba yenye pete huanza kupiga mluzi na kutoa upepo, ilhali swichi ya presha inatakiwa kuzima mota kwenye bar 8. Kwa hiyo mota haizimi tena. Upepo unaoingia ndio unaotoka, mota inachemka hata haigusiki, na uniti za umeme ninazonunua asubuhi hazifiki jioni.

Fundi niliyemwita aliitazama kwa dakika mbili, akasema valvu imechoka, kisha akanipa boliti iliyozungushiwa utepe mweupe wa mabomba na kuniambia niing'oe valvu na kuziba tundu lake, kwa kuwa swichi peke yake inatosha. Boliti hiyo imo mfukoni mwangu tangu Jumatatu na mkono unasita. Je, kuna aliyewahi kufanya hivyo? Na valvu inapiga mapema kwa sababu gani hasa?

#2 MzeeWaBombo

Kijana wangu, boliti hiyo mrudishie mwenyewe, na ukifika kwake umkute akiitumia kompresa yake mwenyewe, msalimie kwa mbali.

Nimetumikia karakana ya magari ya jeshi kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba swichi ni ya kazi ya kila siku, na valvu ni ya ile siku ambayo swichi imekataa. Ndani ya swichi mna ncha za shaba zinazogusana kila mota inapowaka, na kila zinapogusana hutoa cheche. Umeme ukishuka, kama unavyoshuka saa za jioni watu wanapopika, mota hupata taabu kuanza, huvuta mkondo mkubwa kwa muda mrefu zaidi, na siku moja ncha hizo huyeyuka kidogo na kushikana. Zikishashikana, hata presha ikifika wapi, swichi haina uwezo wa kuzima chochote. Kama siku hiyo tundu la valvu limezibwa kwa boliti, kitakachopasuka ili upepo utoke ni tangi lenyewe.

Kuhusu sababu, mimi sina shaka: ni springi. Springi iliyopata kutu na joto la miaka mingi hulegea, na valvu hufunguka kabla ya wakati wake. Nunua valvu mpya iliyogongwa namba ile ile ya presha, na uzi wa skrubu uwe ule ule.

#3 BodaWaJinja

Kabla hujanunua chochote, tuambie kompresa inakaa wapi. Kama inakaa juani, asubuhi chuma kina nyuzi 25 na saa nane mchana kina nyuzi 50. Joto limekuwa maradufu, kwa hiyo presha nayo inakuwa maradufu, na bar 7 za asubuhi ni bar 14 za mchana. Valvu yako haina kosa lolote, inakuokoa.

#4 MwalimuWaMbale

Ndugu BodaWaJinja, ukiniandikia hivyo katika mtihani nitakupa alama moja ya juhudi. Joto katika hesabu hii halianzii kwenye sifuri ya kuganda kwa maji, bali huanzia nyuzi 273 chini yake, kwa hiyo nyuzi 25 ni 298 na nyuzi 50 ni 323. Ongezeko ni la asilimia 8 tu. Tena shinikizo linalozidishwa si lile la geji bali shinikizo kamili, yaani la geji ukijumlisha na la hewa ya nje, ambalo kwa mwinuko wetu ni kama bar 0.9. Hivyo 7.9 zinakuwa karibu 8.6, na ukitoa 0.9 geji itasoma takriban bar 7.7. Hizo bar 14 hazipo.

Isitoshe, hata jua lingekuwa kali kiasi gani, geji nayo ingeonyesha hilo ongezeko. Mwenye uzi huu, FundiNjiapanda, anasema valvu inapiga geji ikiwa kwenye 7, kwa hiyo jua haliwezi kuwa jibu la swali lake, ingawa ni kweli kwamba kompresa haipaswi kukaa juani.

Niongeze jambo linalowachanganya wengi: hewa inayosukumwa huingia tangini ikiwa ya moto, na mota ikizima hewa hiyo hupoa na mshale hushuka kidogo bila tundu lolote kuvuja. Watu wengi wamebadilisha mipira ya upepo isiyo na kosa kwa sababu ya mshale huo.

#5 BodaWaJinja

Asante kwa alama moja, Mwalimu. Nitaitunza.

#6 KabaleBaridi

Huku kwetu tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kompresa zetu zote ni dhaifu. Nadhani mashine hizi hutengenezwa kwa ajili ya nchi za pwani, na zikipandishwa milimani hewa ya nje huwa nyepesi, hivyo valvu hufunguka mapema kwa kuwa hakuna kinachoizuia kwa nje. Tororo nayo si pwani.

#7 MwalimuWaMbale

Hoja ya namba 6 ina nusu ya ukweli. Mwinuko huifanya kompresa ichukue muda mrefu zaidi kujaza tangi, kwa sababu kila pistoni inapovuta hupata hewa pungufu kuliko ya Mombasa. Lakini geji na valvu zote mbili hulinganisha ndani na nje, na nje ni ile ile kwa zote mbili. Mwinuko hauwezi kuzigombanisha.

#8 MamaRangi (Ndeeba)

Napiga rangi magari na kompresa ndiyo inayonilisha, kwa hiyo naomba niulize kabla sijajibu. Kaka FundiNjiapanda, unasoma geji ipi? Kompresa nyingi za aina hiyo zina geji mbili: moja inasoma upepo wa tangini, na nyingine iko baada ya kirekebishi, kile kitasa cha kuzungusha, nayo inasoma upepo unaotoka kwenda kwenye mpira. Ukiwa umekaza kirekebishi kidogo na unasoma geji ya pili, tangi linaweza kuwa na bar 8 na zaidi huku wewe ukiona 7.

Pili, geji huchoka kama springi inavyochoka, tena huchoka kwa siri. Ndani yake mna kibomba cha shaba kilichopinda kama mundu, ambacho hunyooka kidogo presha ikipanda, na mtikisiko wa kila siku hukiharibu. Usiseme kwamba yako ni nzima kwa kuwa mshale unarudi kwenye sifuri tangi likiwa tupu, kwa maana zipo geji zenye kipini pale kwenye sifuri, na mshale unaotaka kwenda chini ya sifuri huzuiwa hapo ukaonekana uko sawa. Mimi nasema valvu ni nzima na geji ndiyo mwongo.

Tatu, ukitoa maji, yanatoka ya rangi gani?

#9 FundiNjiapanda

Nashukuru kwa majibu. Kompresa inakaa kivulini, chini ya mwembe. Geji ya tangini ilivunjika kioo mwaka juzi na mshale wake haupo tena, kwa hiyo nasoma ile iliyo karibu na mpira, lakini kirekebishi nimekifungua hadi mwisho.

Kuhusu maji, naona aibu kusema. Sikujua kwamba kuna kifungulio chini ya tangi, kwa kuwa kilikuwa kimefunikwa na matope na grisi. Jana jioni nilikikwangua, nikakifungua, na kwa muda mfupi hakikutoka kitu, kisha yakaanza kutoka maji ya rangi ya chai ya rangi, yakajaza jagi moja, la pili na nusu ya la tatu, yaani karibu lita 5. Mwishoni yakatoka magamba membamba ya kutu kama maganda ya karanga.

Jambo lingine ni hili. Kijana ninayemfundisha kazi amekiri kwamba mwezi uliopita alifungua mfuniko wa swichi na kuzungusha ile skrubu yenye springi, kwa sababu madereva wa malori wanataka psi 120 na kompresa ilikuwa inazima mapema. Hakumbuki aliizungusha mara ngapi.

#10 MzeeWaBombo

Haya sasa! Mgonjwa amekaa siku mbili akituambia anaumwa kichwa, kumbe alianguka kutoka juu ya mti.

Psi 120 ni zaidi ya bar 8.2, kwa kuwa bar moja ni psi 14.5, na kompresa ya bar 8 huishia psi 116. Hakuna skrubu itakayokupa kitu ambacho tangi halikutengenezwa kukibeba. Kama unataka kuhudumia malori, unahitaji mashine nyingine ya presha kubwa zaidi, na bamba la tangi lake liseme hivyo. Hata hivyo sijabadilisha maoni yangu: skrubu imezungushwa, ndiyo, na ndiyo maana mota haizimi, lakini valvu kupiga kwenye 7 ni kazi ya springi.

#11 MwalimuWaMbale

Skrubu ya swichi inaeleza kwa nini mota haizimi, ila haielezi kwa nini valvu inapiga kwenye 7 na si kwenye 8 na ushee. Hapo nakubaliana na Mzee.

Maji nayo yameleta dhana kwamba yanapandisha shinikizo. Hayapandishi. Lita 5 za maji katika tangi la lita 50 zinakuachia nafasi ya lita 45, kwa hiyo tangi linajaa haraka na kwisha haraka, na mota inawaka mara nyingi zaidi. Linaloweza kutokea ni kwamba chembe za kutu zimepanda hadi kwenye kiti cha valvu, na valvu isiyokaa vizuri kwenye kiti chake huanza kuvuja kabla ya kufunguka kweli. Je, unasikia mluzi mwembamba unaoongezeka polepole, au mlipuko wa ghafla wa upepo? Wa kwanza ni uchafu, wa pili ni shinikizo.

Na kwa yule anayedhani bar 8 ni kitu kidogo: ni takriban kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba. Mfuniko wa pembeni wa tangi wenye kipenyo cha sentimita 30 una sentimita za mraba 707. Zidisha. Ni zaidi ya tani 5 zinazosukuma mfuniko huo kila siku, na kinachozuia ni bati ambalo unatuambia linabanduka magamba kama karanga.

#12 FundiNjiapanda

Mluzi mwembamba kwanza, kisha baada ya muda mlipuko. Yote mawili, Mwalimu.

#13 MwalimuWaMbale

Naona hutaki tufike popote.

#14 SeremalaWaMasaka

Mnamtisha bure. Mimi ninatumia kompresa kwa bunduki za misumari na kupiga vanishi, na tangi langu lilitoboka chini miaka minne iliyopita. Tundu lilikuwa dogo kama ncha ya kalamu. Mchomeleaji aliweka kiraka, tukapaka rangi, na mpaka leo linafanya kazi. Ukitaka kujua kama tangi ni zima, ligonge kwa nyundo ndogo likiwa tupu: sauti ikilia kama kengele ni zima, ikiwa ya mfu ni bovu. Wazee wetu walipima hivyo.

Nimepitisha hata bomba la plastiki la maji ukutani ili upepo ufike mashine zote nne, na sijaona tatizo.

#15 MamaRangi

Kaka Seremala, umeandika mambo matatu na yote matatu yamenitoa jasho.

Tundu la ncha ya kalamu si tundu moja. Kutu hula sehemu ya chini yote ambapo maji hulala, na pale palipotoboka ni mahali palipotangulia tu. Mchomeleaji wako alipasha moto bati lililokwisha kuwa jembamba, akaweka kipande kinene katikati ya kipande chembamba, na sasa nguvu zile alizotaja Mwalimu katika namba 11 zinakusanyika kwenye ukingo wa kiraka. Tangi lililotoboka kwa kutu haliwekwi kiraka. Hutobolewa zaidi ili mtu mwingine asije akalifufua, kisha huuzwa kama chuma chakavu.

Nyundo itakuambia kama kuna ufa mkubwa, lakini haitakuambia kama bati lililokuwa milimita 3 limebaki moja. Kipimo chenye maana ni cha maji: tangi linajazwa maji hadi juu pasibaki hewa, kisha kwa pampu ya mkono linapandishwa shinikizo hadi juu ya lile la kazi, mara nyingi mara moja na nusu, na mtu anatazama kama linavuja au kuvimba. Maji hayabanwi, kwa hiyo tangi likishindwa linapasuka na kumwaga maji tu. Upepo ukibanwa unahifadhi nguvu kama upinde, na tangi likishindwa nguvu hiyo yote inatoka kwa mara moja pamoja na vipande vya chuma.

Kuhusu bomba la plastiki, lile la maji halikutengenezwa kwa upepo. Likizeeka kwa joto na mafuta ya kompresa hupasuka kama kioo, na vipande vyake ni vyembamba na vikali. Weka la chuma.

#16 SeremalaWaMasaka

Nimesikia kuhusu bomba, Mama, nitalibadilisha. Kuhusu kiraka bado nasema miaka minne ni miaka minne.

#17 MuuguziWaZamu (Gulu)

Nimekuwa nikisoma kimya kimya, lakini naona mnazungumzia tangi peke yake, wakati mimi sijawahi kupokea mtu aliyelipukiwa na tangi. Ninaowapokea ni waliojipulizia.

Mmoja alikuwa kijana wa gereji aliyekuwa na jeraha dogo kwenye kidole, akapuliza vumbi la mkono kwa nozo ya kompresa ili aende kula. Alipofika kwetu mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko, na ukiubonyeza unahisi kitu kikisagika chini ya ngozi kama chumvi ya mawe. Huo ulikuwa upepo ulioingia kupitia jeraha na kutambaa chini ya ngozi. Alibahatika, kwa maana upepo ukiingia katika mshipa wa damu unaweza kufika moyoni au kwenye ubongo. Wapo pia wanaopulizia wenzao makalioni kwa mzaha, hata juu ya nguo, na mzaha huo hupasua utumbo. Upasuaji wake si wa mchezo na wengine hawaponi.

Kanuni za usalama kazini za Marekani haziruhusu kusafishia vitu kwa upepo unaozidi psi 30, yaani kama bar 2, tena kwa miwani na kinga ya vumbi linaloruka. Mwili hausafishwi kwa upepo kabisa. Chukueni kitambaa au brashi. Na masikio yenu yafunikeni, maana wengi wenu mkija kliniki naongea kwa sauti ya kuhubiri na bado mnaniuliza nimesema nini.

#18 AruaMpakani

Habari zenu. Huku umeme si wa kutegemea, kwa hiyo tunatumia kompresa za injini ya petroli. Mwaka jana mvua ilipozidi niliingiza yangu ndani ya duka na kuacha mlango wazi, nikidhani mlango mmoja unatosha. Baada ya nusu saa kichwa kilianza kugonga, miguu ikawa si yangu, na mke wangu ndiye aliyenivuta nje. Moshi wa injini una gesi ya kaboni monoksidi isiyo na harufu wala rangi, na kompresa inaweza kuivuta na kuijaza tangini pia, jambo ambalo ni baya zaidi kwa wale wapiga rangi wanaounganisha mpira na barakoa ili wapumue. Upepo wa kompresa ya kawaida si wa kupumua, hata ya umeme, kwa sababu una mvuke wa oili.

Pia huku wapo wanaounganisha mota ya friji na mtungi mtupu wa gesi ya kupikia wakapata kompresa ya bei nafuu. Sijui niseme nini kuhusu hao. Mtungi hauna kifungulio cha maji chini, na mara nyingi hawaweki valvu ya usalama kabisa.

#19 BodaWaJinja

Naomba kuuliza swali la usafirishaji kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wateja hunipa kompresa nizipeleke kwa fundi, na wengi huzilaza ubavu kwenye kiti cha pikipiki zikiwa na upepo ndani. Je, ni sawa?

#20 MzeeWaBombo

Si sawa hata kidogo, mjukuu wangu. Toa upepo wote kwanza hadi mshale ulale, chomoa mpira, kisha ibebe ikiwa imesimama wima, kwa kuwa ukiilaza oili ya pampu hupanda kwenye silinda na siku ya kuiwasha utavunja valvu zake za ndani. Na ukiona mteja anaibeba ikiwa na bar 8 mgongoni kwako kwenye matuta ya barabarani, mdai nauli ya watu wawili na bima.

Nirudi kwa mwenye uzi, maana ametaja malori na hilo limeninyima usingizi. Tairi la lori lenye rimu ya vipande, yaani ile yenye duara la chuma linalofunga ukingo, limewaua watu wengi. Kabla ya kulifungua, toa sindano ya valvu na usubiri upepo uishe kabisa. Likijazwa, liwe ndani ya kizimba cha chuma, mpira uwe mrefu, na kichwa chake kiwe cha kung'ang'ania chenyewe ili wewe usimame mbali, si mbele ya ubavu wa tairi wala juu yake. Nimeona vijana wanakaa juu ya tairi kama wako kwenye kochi huku linajazwa. Tena tairi lililotembea likiwa na upepo pungufu sana usilipandishe upepo bila kulivua na kulikagua ndani, kwa sababu nyuzi za chuma za ubavuni huwa zimekatika na hupasuka kama zipu.

#21 KabaleBaridi

Mzee, hiyo ya kukaa juu ya tairi naiona kila siku. Mimi mwenyewe nimewahi.

Nina swali kwa MamaRangi: maji yatolewe kila baada ya muda gani? Mwenye uzi amekaa miaka mitatu.

#22 MamaRangi

Mimi hutoa kila jioni, na siku za mvua hutoa na mchana, kwa kuwa tuko karibu na ziwa na hewa imejaa unyevu. Punguza presha hadi kama bar 1 au 2, inamisha tangi upande wa kifungulio, kifungue polepole huku uso ukiwa mbali, na maji yakiisha kiache wazi usiku kucha ili ndani pakauke. Maji ya kahawia ni kutu, na yakiwa meupe kama maziwa ni oili iliyochanganyika na maji, maana yake pete za pistoni zinapitisha oili. Kwa mpiga rangi hakuna siri hapo, kwa sababu tone moja la maji likipita kwenye bunduki, mlango wa gari unaota vipele mbele ya mwenye gari.

#23 SeremalaWaMasaka

Mmesahau waya. Kompresa ya hp 2, yaani nguvu za farasi mbili, kwenye waya mwembamba wa mita 30 uliounganishwa na wa redio haitaanza vizuri, mota itanguruma na kuungua. Ni afadhali kurefusha mpira wa upepo kuliko kurefusha waya wa umeme. Hilo nalijua kwa mota mbili nilizozika.

#24 MamaRangi

Kwa hili tuko pamoja, kaka. Na hizo ncha za swichi alizotaja Mzee katika namba 2 huharibika kwa sababu hiyo hiyo.

#25 FundiNjiapanda

Narudi na majibu ya uchunguzi. Dereva wa lori alinikopesha geji yake ya tairi, na jirani mwenye gereji akanikopesha nyingine. Nikajaza hadi geji yangu iliposoma 7 na mluzi ukaanza. Ya dereva ilisoma psi 108, ambazo kwa hesabu ya Mzee ni kama bar 7.4. Ya jirani ilisoma bar 8.2. Sasa nina geji tatu na majibu matatu.

Valvu nayo nilikwangua rangi kwa msumari, nikaona imegongwa 0.8. Kijana wangu akashangilia akisema ndiyo maana, valvu ni ya chini ya bar moja.

#26 MwalimuWaMbale

Mwambie kijana kwamba hiyo 0.8 ni ya megapaskali, na megapaskali 0.8 ndizo bar 8. Ingekuwa valvu ya bar 0.8 isingekuruhusu kujaza hata tairi la baiskeli.

Lakini tazama: kama geji ya jirani ndiyo ya kweli, valvu inafunguka pale pale ilipoagizwa, na MamaRangi ameshinda. Kama ya dereva ndiyo ya kweli, inafunguka mapema, na Mzee ameshinda.

#27 MzeeWaBombo

Dereva anayetoka Mombasa na tairi 22 hatembei na geji mbovu. Springi.

#28 MamaRangi

Geji ya dereva imelala chini ya kiti pamoja na spana na jeki tangu Mombasa. Geji ya gereji imetundikwa ukutani. Uamuzi ni wenu.

#29 AruaMpakani

Na ule mluzi mwembamba? Mbona uchafu kwenye kiti cha valvu mmeuacha? Angevuta ile pete mara moja moja upepo ukapuliza kiti, huenda tusingekuwa hapa.

#30 FundiNjiapanda

Nimevuta pete leo asubuhi nikiwa na miwani, upepo ukatoka na vumbi jekundu, na baada ya hapo mluzi ukapungua lakini haukwisha. Kisha nilichomoa plagi, nikairudisha skrubu ya swichi nusu zamu kila mara, nikichomoa na kuchomeka, mpaka mota ikaanza kuzima geji yangu ikiwa kwenye 6.5. Sasa inazima, inapumua ile "psss" yake, na valvu haipigi. Malori nimewaelekeza kwa jirani.

#31 MzeeWaBombo

Vizuri, ila hilo halithibitishi chochote. Springi iliyolegea nayo hukaa kimya ukiishia 6.5.

#32 MamaRangi

Na geji mwongo naye hukaa kimya. Nunua valvu mpya na geji mpya kwa pamoja, kaka, na tangi hilo lipimwe kwa maji kabla ya sikukuu. Magamba yale bado nayaona.

#33 FundiNjiapanda

Nimeagiza valvu na geji Kampala kwa basi la kesho. Fundi mwenye pampu ya maji ya mkono yuko Mbale, na atakuja Jumamosi. Hadi hapo kompresa imepumzika, na pancha nazijaza kwa pampu ya mguu.

#34 BodaWaJinja

Na boliti?

#35 FundiNjiapanda

Kijana wangu ameifungia mguu wa benchi uliokuwa unacheza.